Boti ya Mbao Yataka Mwenyewe

Askari anapokaribia kustaafu, nasaha humjia kutoka kila upande. Mmoja humwambia anunue kiwanja, mwingine pikipiki za kukodisha, wa tatu mbuzi wa maziwa. Na hakosekani wa kumkumbusha kwamba kiinua mgongo ni kama maji yaliyotekwa kwa kiganja. Sajini mmoja aliyemaliza utumishi wake na kurudi kwao, karibu na mwalo mmoja upande wa Entebbe, alizisikiliza nasaha hizo zote kwa adabu. Kisha akaenda kuitazama boti.

Boti hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake mdogo, mvuvi wa miaka mingi. Urefu wake ulikuwa futi 28, mbao zake mvule mtupu, na kwa muda wa miaka mitano ilikuwa imelala chini ya mfenesi huku imeachama kuelekea mbinguni. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua yenye rangi ya chai, majani yaliyooza, na upande wa tezi kuku wa jirani alikuwa akiatamia mayai. Seremala mmoja wa mjini alikwisha kutaja bei ya kuinunua, si kwa kusafiria bali kwa kuipasua. Mvule mkavu wa zamani ni adimu siku hizi, na mbao zile zingefaa sana kwa milango na vitanda.

Mkewe sajini, aliyelea watoto wanne katika kambi tatu mbalimbali kwa mshahara usiovuka mwezi, hakuyaficha maoni yake.

"Baba watoto," alisema, "fedha ya seremala inalipa ada ya mihula miwili. Boti hii inatulipa nini?"

Swali hilo ni la haki. Mwenye chombo cha mbao, awe wa ziwani au wa pwani, hana budi kulijibu kwa hesabu wala si kwa majivuno. Lakini jibu la kwanza la sajini lilikuwa la historia, na mkewe alimwacha amalize.

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa waunda vyombo hodari kabla ya msumari wa chuma kuonekana katika nchi zao. Mafundi wa visiwa vya Ssese walichonga mkuku mmoja mrefu uliochomoza mbele ya chombo na kuinuka kama pembe, kisha wakazishona mbao za ubavuni juu yake kwa nyuzi za mwale. Stanley, aliyekuwako wakati Kabaka Mutesa wa Kwanza alipopigana na watu wa Buvuma mwaka 1875, aliandika kwamba alihesabu mitumbwi zaidi ya 300, na mkubwa kupita yote aliouona Buganda ulikuwa na urefu wa futi 70 na ushei. Ufundi huo ulipata pigo wakati ugonjwa wa malale ulipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa Ssese. Kufikia mwaka 1909 visiwa vilikuwa karibu vitupu. Vyombo vilivyofuata vilipigiliwa kwa misumari, na injini zilipokuja, tezi ikakatwa bapa ili injini ipate mahali pa kuning'inizwa. Boti ya baba mdogo ilikuwa mjukuu wa mitumbwi ile.

"Kabaka Mutesa alikuwa na watu wa kumtengenezea," mkewe akajibu.

Basi wakaafikiana kwamba aitwe fundi. Mkuku ukionekana umeoza, seremala wa mjini atachukua boti siku hiyo hiyo na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Mkuku ukiwa mzima, yatasemwa mengine.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee wa mwaloni, mfupi, mwenye nyundo moja na kisu chembamba. Hakuanza kwa kuzungumza bei, jambo ambalo lilimpendeza mama watoto. Aliondoa maji kwa kata, akamhamishia kuku kwenye kikapu pamoja na mayai yake, akaanza kugonga mbao moja baada ya nyingine kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Ubao mzima hutoa sauti kavu. Uliooza huitika kizito, kana kwamba umefunikwa blanketi. Pale alipotilia shaka, alichoma kisu. Upande wa tezi kiliingia hadi mpinini.

"Afande," alimwambia sajini, "umemlaza mzee wako kwenye maji ya mvua miaka mitano. Hata wewe ungeoza."

Hapo ndipo penye siri ambayo watu wengi wa bara hawaijui, na wale watokao pwani huijua kinyume. Adui mkuu wa jahazi la Lamu au Unguja hutoka baharini: ni mdudu mrefu mweupe afananaye na funza, ingawa kwa asili ni wa jamaa ya chaza na kombe, aingiaye katika ubao kwa tundu dogo kama la sindano na kuutafuna ndani hadi ukawa kama sega la nyuki. Kwa ajili yake mabaharia wa pwani hukipweleza chombo mchangani, hukipitishia moto wa makuti kwa chini, kisha hukipaka deheni ya mafuta na chokaa. Mdudu huyo hawezi kuishi katika maji matamu, na kwa hiyo mwenye boti wa Ziwa Victoria amesalimika naye.

Lakini hasara ni kwamba amekosa pia chumvi. Maji ya bahari, pamoja na ubaya wake wote, huzuia kuvu ya kuozesha mbao. Waunda meli wa zamani wa Ulaya na Marekani walikuwa wakimwaga chumvi kati ya mataruma makusudi. Maji ya mvua hayana kinga hiyo. Yakituama ndani ya boti, penye joto na pasipo upepo, kuvu hustawi katika maungio, kwenye vichwa vya mataruma na chini ya vikalio, mahali ambapo jicho halifiki. Rangi nzuri ya nje haisaidii kitu, na aghalabu huficha ugonjwa. Boti iliyo ziwani hulindwa na maji yanayoizunguka kwa nje. Humalizwa na yale yanayoikalia ndani.

Ziwa nalo lina mdudu wake. Ni mdudu mdogo mwenye mabawa, ambaye wataalamu humwita Povilla adusta. Watoto wake, kabla hawajaota mabawa, hujichimbia vijumba katika mbao zilizo majini, katika boti na nguzo za gati pia. Hawali ule ubao. Wanautaka kwa makao tu, lakini mwenye boti hafarijiki sana kwa tofauti hiyo. Uchunguzi uliofanyika katika miaka ya 1950 kwenye Ziwa Victoria ulionyesha kwamba wadudu hawa hutoka majini kwa wingi usiku wa siku chache baada ya mwezi mpevu, wakaruka, wakataga mayai, na kufa baada ya muda mfupi mno. Wavuvi wengi wamewaona wakiizonga taa bila kujua kwamba hao ndio wapangaji wa boti zao. Dawa yao ni rangi isiyo na mwanya chini ya mstari wa maji, na kuitoa boti majini mara kwa mara ikaguliwe.

Fundi alipomaliza, alifuta kisu chake kwenye suruali na kutoa hukumu. Mbao tatu za tezini zimekwisha. Mataruma manne yabadilishwe. Misumari mingi ya kati imekuwa kutu tupu. Mkuku ni mzima kuanzia omo hadi tezi.

Sajini alitabasamu. Mkewe alikwenda ndani akarudi na daftari la shule lenye kurasa chache zilizobaki, akaandika juu yake neno moja: BOTI. Alitoa masharti mawili. Fedha itakayotumika isizidi robo ya kiinua mgongo, na kila shilingi iandikwe humo, hata ya chai ya fundi. Sharti la pili lilikuwa kwamba siku za kazi boti ibebe ndizi na mananasi ya wafanyabiashara wa visiwani; Jumapili peke yake ndiyo itakuwa ya sajini.

Matengenezo yalichukua wiki saba, ingawa fundi alikuwa ametaja tatu. Mwenye kuingia katika shughuli hii na azidishe mapema makadirio ya fundi mara mbili, bila kumkasirikia. Ubao mmoja ukitolewa, jirani yake huonekana alivyo. Na taruma likifunuliwa, huonyesha jambo ambalo kisu hakikulifikia. Mbao mpya zilipatikana kwa taabu, na bei ya mvule ilimfanya mama watoto afumbe macho alipokuwa akiandika. Fundi alishauri kwamba vikalio vipya viwe vya msizi, mti wa rahisi zaidi, kwa kuwa havikai majini. Mvule ungebaki pale panapohitajika kweli.

Kazi iliyomfurahisha sajini kuliko zote ilikuwa kukalafati. Nyufa zote kati ya mbao husafishwa kwa ncha ya chuma, kisha pamba iliyosokotwa hushindiliwa ndani kwa patasi butu na nyundo, kwa mapigo mepesi yenye mwendo mmoja. Juu yake hutiwa lami, na wengi wa ziwani huongeza ukanda wa bati uliopigiliwa misumari midogo. Mtu asiyejua hudhani kwamba pamba ikishindiliwa kwa nguvu zaidi ndivyo inavyofaa zaidi. Siku ya pili, sajini alipokuwa akitwanga kama anayevunja mawe, fundi alimshika mkono.

"Pole pole, afande. Ubao huu sasa umekauka, umesinyaa. Ukirudi majini utavimba. Ukiujaza pamba kama gunia, utavimba uende wapi? Utang'oa misumari, utasukuma taruma."

Ubao wa boti hautulii. Hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, na usalama wa chombo umo katika kuiweka mienendo hiyo miwili ndani ya mipaka. Ndiyo sababu boti inayotumika kila wiki hudumu kuliko iliyohifadhiwa juani kwa heshima. Wanajeshi wana mfano wao katika habari hii. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta boti mbili za mbao za mahogani, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa futi 40, kwenda kupigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Zilipakiwa melini hadi Cape Town, zikasafirishwa kwa reli hadi Fungurume katika Katanga, kisha zikakokotwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu kupita milima ya Mitumba, na baadaye zikaendelea kwa mto Lualaba na kwa reli tena. Wasafiri wa njia hiyo huandika sana juu ya madaraja na miteremko; mtu aliyewahi kumiliki boti ya mbao hufikiri kwanza juu ya jua la miezi ile na mbao zilizokuwa zikisinyaa. Hata hivyo zilifika, na siku ya tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani. Mizinga yao midogo ilikuwa ikipigwa kuelekea mbele tu, kwa kuwa boti zenyewe zilikuwa nyepesi mno kustahimili mshindo wa pembeni.

Kuna wasemao kwamba taabu hizi zote zingeepukwa kwa kununua boti ya faiba. Neno lao lina ukweli. Faiba haiozi, haitaki pamba, na mdudu hawezi kuitoboa. Lakini ikivunjika jiwe likiigonga kisiwani, matengenezo yake yataka dawa na vitambaa kutoka dukani mjini, na mtu ajuaye kuvichanganya. Ilhali boti ya mbao hutengenezwa kwa tezo, nyundo na ubao chini ya mti wowote. Pia kuna jambo la uzito. Boti ya mvule hukaa majini kama mtu mzima kitini. Wimbi dogo halifadhaishi, na mawimbi ya alasiri hupasuliwa na omo kwa sauti nzito ya chini, isiyofanana na ule mlio wa debe unaosikika katika vyombo vyepesi. Injini ikizimwa na makafi yakashikwa, husikika mbao zenyewe zikisemezana. Raha hii haiwezi kuandikwa katika daftari la matumizi, na pengine ndiyo sababu wanaume huificha chini ya maneno ya faida.

Hata hivyo ziwa halina huruma kwa mwenye kupenda chombo chake bila kukijali. Ziwa Victoria hujulikana kwa dhoruba zake za usiku, kwa sababu upepo wa nchi kavu kutoka pande zote huvuma kuelekea katikati ya ziwa na kuinua mawingu ya radi. Mwezi Novemba 2018 boti moja ya starehe ilizama karibu na ufuko wa wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha, miongoni mwao waliokuwa wakicheza muziki dakika chache kabla. Taarifa rasmi zilisema ilipakia watu kupita kiasi na hali yake haikuwa njema. Askari polisi na wanajeshi waliokesha majini usiku ule wakiopoa miili hawahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo ukurasa wa nne wa daftari ulijaa vitu ambavyo sajini hakuwa amevifikiria: jaketi za kujiokolea kwa idadi ya watu wote, na mbili ndogo za watoto, ada ya leseni, tochi, nanga na kamba mpya, minyororo ya kufungia injini. Juu ya injini, desturi ya mwaloni ni kuing'oa kila jioni na kulala nayo nyumbani, kwani wezi wa ziwani huipenda kuliko samaki. Mama watoto aliikubali ilale sebuleni, juu ya gunia, maadamu isitoneshe mafuta.

Lilibaki suala la mahali pa kuegesha. Kivuli cha mfenesi kilikuwa karibu na maji, na wazee wakakumbusha kwamba ziwa lilipofurika mwaka 1964, na tena mwaka 2020, maji yalifika mbali kupita pale. Palijengwa banda la makuti juu zaidi, lenye pande wazi ili upepo upite, na magogo ya kuilaza boti ikiwa imeinamisha tezi, na kizibo chake kimefunguliwa ili tone lolote la mvua lipate njia ya kutoka. Banda hilo liligharimu kidogo kuliko ubao mmoja. Lingekuwapo miaka mitano nyuma, kisu cha fundi hakingezama.

Boti ilishushwa Jumamosi asubuhi na vijana kumi na wawili wa mwaloni, kwa wimbo, kwa jasho na kwa sufuria mbili za chai zilizoandikwa daftarini. Ilielea. Watu wakashangilia, sajini akavua kofia. Baada ya nusu saa maji yalianza kupenya katika kila ungio, polepole, kama jasho, na kufikia adhuhuri yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Majirani wakakaa kimya kwa adabu. Sajini alimtazama fundi kwa jicho ambalo kuruta wake walilijua vizuri.

"Iache inywe," alisema fundi, akavuta mkeka wake.

Usiku ule sajini hakulala nyumbani. Alikaa botini na taa na kata, akiteka maji kila saa. Kabla ya saa tisa usiku alisikia hatua mchangani. Alikuwa mkewe, amejifunga kanga mbili kwa baridi, mkononi ana debe lililokatwa upande.

"Kata yako ni ndogo, baba watoto," alisema, akapanda.

Waliteka pamoja hadi alfajiri. Jumapili maji yaliyoingia yalikuwa nusu ya yale ya kwanza. Jumatatu jioni sajini aliweka kiganja chake kwenye ungio la tezi, mahali palipokuwa na mbao tatu mpya, akakuta pakavu. Siku ya Jumatano boti ilirudi kutoka visiwani na shehena yake ya kwanza ya mananasi, na mama watoto akafungua ukurasa mpya wa daftari, akauchora mstari katikati. Upande wa kushoto aliandika petroli. Upande wa kulia, kwa mara ya kwanza, aliandika nauli ya mzigo, kisha chini yake, kwa herufi ndogo: nanasi moja, la nyumbani.